Jembe la Kuazima: Juu ya Usugu wa Vimelea na Dhima Yetu

Tarehe 11 Desemba 1945, Alexander Fleming alisimama mjini Stockholm kutoa mhadhara wa Tuzo ya Nobel, ambayo mwaka huo aligawana na Howard Florey na Ernst Chain kwa ajili ya penisilini. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimekwisha miezi michache tu kabla, na dawa aliyoifumania mwaka 1928 katika hospitali ya St Mary's, London, ilikuwa imekwisha kuokoa majeruhi wengi. Ingetarajiwa mhadhara uwe wa shangwe mwanzo hadi mwisho. Badala yake, alipokaribia kumaliza, alisimulia kisa cha kubuni. Bwana X anaumwa koo. Ananunua penisilini na kujitibu kwa kipimo kidogo, kisichotosha kuviua vimelea bali kinachotosha kuvifunza namna ya kuikabili. Kisha anamwambukiza mkewe. Bibi X anashikwa na kichomi, anatibiwa kwa penisilini, dawa inashindwa, naye anafariki. Fleming akauliza ni nani hasa aliyesababisha kifo hicho, na akajibu mwenyewe: ni mumewe, aliyeitumia dawa kwa uzembe.

Mswahili akisikia kisa hiki atakumbuka methali: mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii ina madai mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba janga lina mchumaji, mtu anayeweza kutajwa kwa jina. La pili ni kwamba wanaoumia pamoja naye ni watu wake, walio ndani ya nyumba au ukoo wake. Kisa cha Bwana X kinatimiza madai yote mawili, ndiyo maana hukumu ya Fleming huingia akilini upesi. Lakini utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na kwamba takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Ikiwa kila marehemu kati yao ni Bibi X, Bwana X yuko wapi? Swali la insha hii ni kama usugu wa vimelea ni kosa la mtu. Na kama sivyo, tuuite nini, na tudaiane vipi kwa ajili yake.

Tuanze na kasoro za kisa chenyewe, kwa kuwa zinafundisha. Ya kwanza ni ya kibayolojia. Streptokoka wa kundi A, wale wanaojulikana zaidi kwa kuumiza koo, hadi leo hawajapata usugu dhidi ya penisilini. Bakteria wengine wengi wameupata, hao bado. Zaidi ya hayo, neno la kufunza linapotosha. Dawa haifundishi, huchagua. Katika kundi la mamilioni ya bakteria huwapo wachache ambao kwa bahati tu wana uwezo wa kuivunja dawa, kuitema nje ya seli au kubadili mahali inaponasa. Dawa ikiwaua wenzao, uwanja mzima unabaki wao. Bakteria aina ya Escherichia coli katika hali nzuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Asipozuiliwa na kitu, mmoja anaweza kuzaa kizazi cha zaidi ya bilioni moja katika muda wa saa kumi. Ndiyo maana mmoja aliyesalia si mmoja.

Wala uwezo huo hatukuubuni sisi. Edward Abraham na Ernst Chain walieleza kimeng'enya kinachoivunja penisilini mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijaanza kutolewa kwa wagonjwa wa Oxford mwaka 1941. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba katika udongo wa Yukon, Kanada, ulioganda kwa miaka 30,000, walikuta jeni za usugu dhidi ya jamii ya penisilini na ya tetrasaiklini. Ukuvu na bakteria wamepigana kwa kemikali tangu zamani mno, na usugu ni silaha ya vita hivyo vya kale. Kwa hiyo methali imesema sawa kuliko alivyosema Fleming: janga hili hatukulipanda, tunalichuma.

Kasoro ya pili ni ya mnyororo wa sababu. Katika kisa, kimelea kinatoka kooni kwa mume na kufika mapafuni kwa mke. Hatua ni moja na mashahidi ni majirani. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Japani waliochunguza ugonjwa wa kuhara damu waligundua kwamba bakteria huweza kupeana usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa mkupuo mmoja, hata wakiwa wa jinsi tofauti. Jeni hizo hubebwa na vipande vya DNA viitwavyo plazmidi. Bakteria asiye na madhara, aliyekaa utumboni mwa mtu mwenye afya, anaweza kuupokea usugu leo na kuukabidhi kesho kwa bakteria muuaji, ndani ya mwili wa mtu ambaye hakumeza kidonge chochote. Mlolongo wa namna hiyo hauwezi kufuatwa hadi nyumba ya Bwana X yeyote.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito zaidi. Fleming alichora mpaka kati ya mtumiaji mzembe na mtumiaji mwangalifu. Leo tunajua kwamba mpaka haupiti hapo. Anayemeza dawa kwa kufuata kila neno la daktari naye anawachagua bakteria sugu kati ya matrilioni wanaoishi utumboni mwake, na kadiri siku za dawa zinavyoongezeka ndivyo anavyowachagua zaidi. Mwaka 2017 kundi la wataalamu liliandika katika jarida la BMJ kwamba kwa maambukizi mengi ya kawaida hakuna ushahidi thabiti kuwa kuacha dawa mapema huleta usugu, na kwamba kuimeza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika ndiko kunakoweza kuuongeza. Kifua kikuu ni habari nyingine, nami nitakirudia. Lakini kwa jumla, mtiifu na mkaidi wote wanachangia. Tukisema kwamba hatia ni kuchangia, basi kila aliyewahi kutibiwa ana hatia, na neno hatia linapoteza maana yake.

Wapo wanaotarajia kwamba sayansi itatuondolea swali hili kabla hatujalijibu. Tumaini lao kubwa ni chembe za nano, hasa za madini ya fedha. Fedha ilitumika tangu kale kuhifadhi maji na kutibu vidonda. Ikisagwa hadi chembe zenye upana wa nanomita 1 hadi 100, nanomita moja ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita, nguvu yake huongezeka kwa kuwa eneo la uso wake ni kubwa mno likilinganishwa na uzito. Chembe hizo hushambulia kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja: huharibu utando wa seli, hutoa ioni zinazonasa protini, na huzalisha oksijeni kali inayounguza vilivyomo ndani. Ikadhaniwa kwamba bakteria hawataweza kujikinga. Hoja ilikuwa nzuri: mwizi anayeingia kwa milango mitatu hazuiliwi kwa kufuli moja.

Dalili za kutilia shaka zilikuwapo mapema. Mwaka 1975 madaktari wa Boston waliripoti Salmonella katika wodi ya majeruhi wa moto, waliokuwa wakipakwa nitrati ya fedha. Bakteria hao walikuwa sugu kwa fedha na pia kwa viuavijasumu kadhaa. Wagonjwa watatu walikufa na wodi ikafungwa. Baadaye ilibainika kwamba jeni za usugu dhidi ya fedha na za usugu dhidi ya dawa zilipanda chombo kimoja, plazmidi moja. Maana yake ni kwamba fedha ikimwacha hai bakteria wa namna hiyo, inawaacha hai na abiria wake wote.

Kisha mwaka 2018 watafiti wa Olomouc, katika Jamhuri ya Cheki, walichapisha matokeo kuhusu chembe za nano zenyewe. Waliwakuza Escherichia coli na Pseudomonas aeruginosa kizazi baada ya kizazi katika vipimo vidogo vya fedha, visivyotosha kuua. Bakteria wakawa sugu, tena bila jeni zao kubadilika. Walichofanya ni kutoa kwa wingi flajelini, protini ya mijeledi wanayoogelea nayo. Protini hiyo ikazigandanisha chembe zikawa madonge, na chembe ambazo nguvu yake yote ilitokana na udogo zikashindwa kwa kufanywa kubwa. Watafiti haohao walionyesha kwamba dondoo ya maganda ya komamanga, tunda ambalo tiba za Waarabu na Wahindi zimelitumia kwa muda mrefu, huzuia utoaji wa flajelini na kuirudishia fedha makali yake.

Msomaji anaweza kufurahia habari ya komamanga, na ana haki. Lakini aangalie sharti lililouzalisha usugu: kipimo kidogo, kinachorudiwarudiwa. Ni sharti lilelile la Bwana X. Kilichobadilika ni kitu kinachomezwa au kupakwa. Mwenendo wa mtumiaji haukubadilika. Na mwenendo huo tunauona kila siku madukani, ambako fedha ya nano imetiwa katika soksi na nguo za michezo ili zisinuke. Nguo zikifuliwa, fedha hiyo hutoka kidogo kidogo na kuelekea kwenye maji machafu, mahali ambapo bakteria wa kila jinsi wanakutana. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha janga.

Hapa Kiswahili kinatupa msaada ambao si kila lugha inao. Tunatofautisha kuazima na kukopa. Anayeazima jembe hurudisha jembe lilelile. Anayekopa shilingi hurudisha shilingi nyingine, na hakuna anayemuuliza noti ya kwanza iko wapi. Kidonge ninachonunua ni mali yangu, nimekilipia. Lakini nguvu ya kidonge, ule ukweli kwamba kinaponya, sikuinunua, wala hakuna duka linaloiuza. Niliikuta imetunzwa na walioitumia kabla yangu, na wapo watakaoihitaji baada yangu. Nguvu hiyo ni ya kuazima. Kosa letu ni kuichukua kana kwamba ni mkopo: tukiimaliza hii, tutalipa kwa dawa nyingine. Chembe za nano zikitazamwa kwa jicho hilo ni ahadi ya kulipa jembe la watu kwa fedha, na lugha yetu, inayoita madini na pesa kwa neno moja, inatuonyesha udhaifu wa malipo hayo. Mwenye jembe alitaka kulima.

Mfano wa jembe unatatua pia tatizo la mtumiaji mtiifu. Jembe lililotumika kulima huchakaa, na hakuna mwenye jembe anayemlaumu jirani kwa uchakavu wa kawaida. Mgonjwa aliyetibiwa kichomi kwa dawa inayostahili amelima. Mchango wake katika usugu ni uchakavu halali. Aliyelitumia jembe kuvunjia mawe ana habari nyingine. Kidonda cha aliyeungua moto na harufu ya soksi havina dai moja mbele ya fedha.

Kwa kipimo hiki tunaweza kurudi kwenye lawama, na kuiona inavyoelekezwa visivyo. Mwaka 2008 nchini Sweden, mgonjwa mwenye asili ya India, aliyekuwa amelazwa hospitalini New Delhi, alikutwa na bakteria mwenye kimeng'enya kinachovunja karibu jamii yote ya penisilini, pamoja na zile dawa za akiba ziitwazo kabapenemu. Kimeng'enya kikaitwa NDM-1, herufi mbili za mwanzo zikisimama badala ya New Delhi. India ililalamika, na si bila sababu. Mwaka 1961 Uingereza iliripoti stafilokoka sugu kwa methisilini, muda mfupi tu baada ya dawa hiyo kuanza kutumika, na usugu huo haukupewa jina la mji wowote wa Kiingereza. Kwa sisi tunaoishi kati ya viwanja viwili vya ndege, mmoja wa nyumbani na mmoja wa ugenini, jambo hili si dogo. Baada ya miaka michache NDM-1 ilikuwa imeripotiwa Uingereza, Oman na Kenya. Aina ya taifodi iitwayo H58, sugu kwa dawa nyingi, ilitoka Asia ya Kusini na kuingia Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, kwa njia zilezile zinazopita watu na bidhaa. Kila kituo cha njia hiyo kinaweza kukinyoshea kidole kituo kilichotangulia. Vidole vyote vikinyooshwa, hakuna mkono unaobaki wa kufanya kazi.

Lawama nyingine humwangukia maskini. Tumfikirie mama aliyeingia duka la dawa na mtoto mwenye homa. Zahanati iko mbali, maabara haipo, na pesa aliyo nayo inatosha nusu dozi. Ananunua nusu dozi. Wanafalsafa tangu Aristotle wamekubaliana kwamba mtu hulaumiwa kwa alichokijua na alichoweza kukiacha. Mama huyu hakuweza kujua ni bakteria au virusi, wala hakuweza kununua dozi kamili. Kumwambia kwamba yeye ni Bwana X ni dhuluma. Tena Afrika kusini mwa Sahara, ambako vifo vya usugu ni vingi kuliko kwingine kwa kulinganisha na idadi ya watu, ni mahali ambapo watoto wengi bado hufa kwa kukosa dawa ya kawaida kabisa. Haiwezekani kumdai jembe mtu ambaye hajawahi kupewa zamu ya kulima.

Linganisha na waliojua na walioweza. Mwaka 1969 kamati ya Swann nchini Uingereza ilikwisha kuonya kwamba kuwalisha mifugo viuavijasumu ili wanenepe upesi kunazalisha usugu unaoweza kuwafikia watu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa za mwisho kutumiwa kwa kusudi hilo tarehe 1 Januari 2006. China iliacha kuitumia kolistini, dawa ya akiba ya hospitali, kama kinenepesho cha mifugo mwaka 2017, baada ya watafiti wake kutangaza mwaka 2015 jeni ya usugu dhidi yake iliyokuwa ikisafiri kwa plazmidi. Hao walikuwa na elimu, walikuwa na hiari, na faida ilikuwa yao. Neno hatia likitafuta mahali pa kukaa, litapata nafasi hapo kabla ya dukani kwa mama yule.

Hata hivyo hatia haitoshi, kwa sababu hata tukiwapata wote wenye hatia na kuwahukumu, bakteria hawatarudi kuwa dhaifu. Tunahitaji neno dhima. Hatia hutazama nyuma na kumtafuta aliyetenda. Dhima hutazama mbele na kumwuliza kila mmoja anaweza kubeba nini. Hatia hugawanywa kwa kosa. Dhima hugawanywa kwa uwezo. Mwenye kiwanda, mwenye maabara, mwandika sheria na daktari wana dhima kubwa kuliko mgonjwa, hata kama hawajakosa lolote.

Si lazima tutafute mbali mfano wa dhima iliyobebwa pamoja. Streptomaisini ilipojaribiwa Uingereza dhidi ya kifua kikuu, matokeo yakichapishwa mwaka 1948, wagonjwa walipata nafuu, kisha wengi wakawa na vimelea sugu. Ikajulikana kwamba kwa ugonjwa huu dawa moja peke yake haifai. Ni lazima ziunganishwe. Kuanzia mwaka 1970, majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Waingereza yalionyesha kwamba matibabu yenye rifampisini yanaweza kufupishwa hadi miezi sita. Wagonjwa wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliolitengeneza jembe ambalo dunia nzima imelitumia. Kisha kuanzia mwaka 1977 mpango wa taifa wa Tanzania wa kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Karel Styblo, ukajenga utaratibu: dawa bila malipo, zisizokatika, na mgonjwa akisimamiwa anapomeza. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliutangaza utaratibu wa namna hiyo kwa mataifa yote.

Utaratibu huo haukuanza kwa kuuliza nani mzembe. Ulianza kwa kuhakikisha kwamba dawa ipo, kisha ndipo ukamdai mgonjwa aimeze. Mpangilio huo wa madai ndio haki yenyewe. Ni kweli kwamba ulikuwa na gharama. Mgonjwa anayetembea kila siku hadi zahanati ili atazamwe anameza anapoteza kazi, na pengine heshima. Kusimamiwa kunaweza kugeuka kushukiwa. Pingamizi hilo ni la haki, na Tanzania yenyewe baadaye ililisikia, ikamruhusu mgonjwa kumeza dawa nyumbani chini ya macho ya msaidizi aliyemchagua mwenyewe, ambaye mara nyingi ni ndugu.

Hapo methali inapata sura nyingine. Wa kwao, waliokuwa wakila janga pamoja na mchumaji, wamekaa kando ya mgonjwa na bilauri ya maji, wakihakikisha kwamba halichumwi. Lakini ndugu huyo anayesubiri kidonge kimezwe hamlindi mgonjwa wake peke yake. Anamlinda abiria atakayekaa kiti cha jirani ndani ya basi la Mwanza, na muuguzi wa Muscat, na mtoto wa Birmingham ambaye hajazaliwa. Hawajui, nao hawatamjua. Bwana X wa Fleming alikuwa na mke mmoja wa kumfikiria. Sisi tunaoazima jembe lilelile tumekwisha kuwa wa kwetu, tupende tusipende, na anayelishika kwa zamu yake anapaswa kujua kwamba nyuma yake kuna foleni.